Ujuzi wa Giza si Ujuzi wa Baridi

Mpwa wangu anaishi Dallas, jimbo la Texas, tangu bahati nasibu ya green card ilipomwangukia. Asubuhi ya Jumatatu, 15 Februari 2021, nikiwa kazini Dar es Salaam, ukaingia ujumbe wake wa sauti. Kwake ilikuwa bado usiku mkubwa. "Shikamoo mjomba. Huku wamekata umeme." Nilicheka peke yangu. Nikamjibu kwamba yeye ni mtoto wa Tabata, na kama kuna mtu katika Marekani nzima aliyefuzu masomo ya kukatika umeme, ni yeye. Alikaa kimya saa kadhaa. Ujumbe wa pili haukuwa na utani ndani yake.

"Mjomba, giza siyo shida. Giza nalijua. Hii baridi ndiyo siijui."

Sisi wa Afrika Mashariki tuna majivuno fulani kuhusu jambo hili. Tukisikia nchi tajiri imezima, tunajiona wakongwe. Tunajua kuchaji simu mapema, kupiga pasi nguo za wiki nzima Jumapili usiku, kujaza ndoo kabla maji hayajafuata umeme, kuigeuza mchuzi nyama yote ya friji siku ya pili ili isiharibike. Tunajua pia ule upande mtamu wa giza: televisheni imenyamaza, watu wametoka barazani, na babu aliyekuwa hasemi anaanza kusimulia. Kila penye umeme wa kukatika utasikia masimulizi ya namna hii, ya familia iliyokaa pamoja ikafanya dhiki kuwa sherehe ndogo. Siyapuuzi. Ila yale ya Texas yalinionyesha kwamba tunachanganya mambo mawili. Kuishi bila mwanga ni ujuzi ambao familia inaweza kujifunza na kurithishana. Kuishi bila joto, ndani ya nyumba iliyojengwa kwa kuutegemea umeme, ni jambo ambalo ujuzi wa familia hulifikisha mahali fulani tu, na mahali hapo si mbali.

Baridi ya kutoka ncha ya kaskazini ilishuka hadi Texas, jimbo ambalo wengi wetu tunalijua kwa joto na ng'ombe. Tarehe 16 Dallas ilifika karibu nyuzi 19 chini ya sifuri, baridi ambayo haikuwa imeonekana pale tangu 1949. Zaidi ya nusu ya nyumba za Texas hupashwa joto kwa umeme, na wote wakawasha hita kwa pamoja. Saa hizohizo mitambo ya kuzalisha ikaanza kuzimika. Midomo ya visima vya gesi iliganda, maana gesi hutoka ardhini ikiwa na maji ndani yake. Vifaa vya kupimia na mabomba madogo ya mitambo navyo vikaganda. Halafu waendeshaji wa gridi walipoanza kukata umeme maeneo mbalimbali, wakawakatia pia baadhi ya wasukumaji gesi, ambao mashine zao zinatumia umeme. Umeme ulikosa gesi kwa sababu gesi ilikosa umeme.

Gavana alikwenda kwenye televisheni akailaumu mitambo ya upepo. Ripoti ya wadhibiti wa serikali kuu iliyotoka Novemba mwaka huo ilihesabu vizuri zaidi: katika eneo lote lililokumbwa, asilimia 58 ya mitambo iliyopata hitilafu ilikuwa ya gesi. Upepo ulikuwamo, kwa asilimia 27, lakini haukuwa kiini.

Usiku wa kuamkia Jumatatu ile, saa saba na ushei, shirika linaloendesha gridi ya jimbo, ERCOT, liliamuru umeme ukatwe. Ni rahisi kulilaumu kwa kukata, lakini hapo halikuwa na hiari. Gridi yao hupiga mapigo 60 kwa sekunde, kama yetu inavyopiga 50, na mzigo ukizidi nguvu mapigo hupungua. Yakikaa chini ya 59.4 kwa dakika tisa, mitambo mingi hujizima yenyewe ili isivunjike. Usiku ule yalishuka hadi 59.3 na kukaa chini ya mstari huo dakika 4 na sekunde 23. Gridi nzima ingelala, na kuiamsha kutoka sifuri kungechukua wiki nyingi. Kwa hiyo walikata, hadi megawati 20,000, zaidi ya mara tisa ya uwezo wote wa bwawa letu la Julius Nyerere. Wateja zaidi ya milioni 4.5 walibaki gizani.

Waliwaambia watu kwamba ni zamu kwa zamu. Sisi tunalo neno la jambo hilo: mgao. Neno limetoka kwenye kugawa, na ndani yake kuna ahadi kwamba leo ni wewe, kesho ni jirani. Texas haikuwa na mgao. Nyaya zinazolisha hospitali na vituo muhimu hazikuweza kuguswa, na kiasi cha kukata kilikuwa kikubwa mno, kwa hiyo hazikubaki nyaya za kutosha za kubadilishana zamu. Waliokatiwa walikaa hivyohivyo, wengine siku tatu na zaidi, na waliopata waliendelea kupata. Ukikaa mtaa ulio waya mmoja na hospitali, ulioga maji ya moto. Katikati ya Houston maghorofa ya ofisi, matupu usiku, yaling'aa huku mitaa ya watu ikiwa giza, na picha zake zilizunguka dunia nzima.

Nyumba ya mpwa wangu haikuwa karibu na hospitali. Uvumilivu wa familia yake, ubunifu wake, sala zake, vyote vilikuja baada ya uamuzi huo wa waya.

Hata hivyo walifanya walichoweza, na walichofanya kina akili. Walihama sebule, wakahama vyumba viwili, wakajibanza katika chumba kimoja kidogo cha watoto. Magodoro chini, mablanketi kwenye dirisha, taulo chini ya mlango. Jirani yao wa mlango wa pili, bibi mmoja Mkongo, na mjukuu wake wakaja kulala humohumo, kwa hiyo wakawa sita: watu wazima watatu na watoto watatu. Mtu aliyetulia hutoa joto la wati mia hivi. Sita ni wati mia sita, wakati hita ndogo ya mezani hutoa wati 1,500. Kwa hiyo chumba kimoja chenye watu sita kina kama asilimia 40 ya hita, inayopumua na kuomba maji ya kunywa. Chumba kikiwa kidogo inasaidia. Sebuleni ingepotea kama mate baharini.

Yule bibi ndiye pekee aliyekuwa na elimu ya jambo hili. Alizaliwa juu kwenye milima ya Itombwe, Kivu Kusini, ambako usiku si wa mchezo, kisha akakaa miaka mingi kambini Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kupelekwa Marekani. Ndiye aliyesema watoto walale katikati. Ndiye aliyewavua soksi zilizoloa theluji, akawafunika miguu kwa kanga kavu. Mpwa wangu, kwa tabia yake ya Tabata, alikuwa amejaza ndoo, beseni na masufuria yote tangu Jumapili, mumewe akimcheka kwamba hapa si Bongo. Bomba lilipokauka Jumanne hakumcheka tena. Theluji nayo waliijaribu, wakagundua kwamba sufuria tele ya theluji ikiyeyuka hutoa maji ya kikombe kimoja au viwili. Nyama ya friji waliitoa ikalala nje barazani, na hapo nchi nzima ilikuwa friji.

Nayasimulia haya kwa mapenzi, na bado naona tunavyoteleza. Ukiishia kwenye ndoo na kanga kavu, unapata hadithi nzuri ya familia hodari. Tatizo ni kilichotaka kutokea usiku wa pili.

Mume wa mpwa wangu alikuwa na jiko la kuchomea nyama pale barazani, na nusu gunia la mkaa. Mtu yeyote aliyelelewa kwetu angewaza alichowaza: washa mkaa nje, ukikolea ingiza ndani, watoto wapate joto. Tunaamini kwamba mkaa uliokolea, usio na moshi, hauna madhara. Moshi ndio adui tunayemwona. Lakini hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na mkaa mwekundu uliotulia huitoa kwa wingi. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania mahali pa oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili. Kichwa kinauma kidogo, mwili unalegea, usingizi unakuja. Mtu aliyechoka kwa baridi anashukuru kwamba hatimaye amepata usingizi.

Nyumba nyingi za kwetu hutusamehe kosa hili bila sisi kujua. Kuna uwazi kati ya ukuta na bati, kuna dirisha la nondo na wavu tu, kuna mlango usiofika sakafuni. Hewa inapita, jiko linapoa, tunaamka. Ile ya Dallas ilikuwa imezibwa, na wao wenyewe walikuwa wameshaizidishia kuziba kwa taulo na mablanketi. Kila hatua ya akili waliyoichukua dhidi ya baridi ilikuwa imekifanya chumba kuwa hatari zaidi kwa mkaa.

Bibi ndiye aliyezuia. "Mutoto yangu, mbabula hailalake na batu." Jiko halilali na watu. Huko kwao milimani alishawahi kuzika jirani kwa sababu hiyo. Mkwe wangu akalirudisha nje.

Kwingine hakukuwa na bibi. Watu waliingiza majiko ya mkaa ndani, wengine waliwasha gari ndani ya gereji iliyofungwa ili wapate joto na chaji ya simu, wengine waliweka jenereta karibu na mlango. Waandishi wa habari waliochunguza rekodi za Texas walipata watu zaidi ya 1,400 waliokwenda hospitali kwa sababu ya hewa hiyo katika wiki moja. Idara ya afya ya jimbo ilipofunga hesabu yake mwisho wa mwaka, iliandika vifo 246 vya dhoruba nzima. 161 vilikuwa vya baridi yenyewe na 19 vya kaboni monoksaidi. Uchunguzi mwingine umesema idadi halisi ni kubwa zaidi. Mimi natosheka na ile ndogo: watu 161 wameuawa na baridi katika jimbo linalochimba gesi kuliko jimbo lolote la Marekani.

Sasa sikiliza walivyosema wakubwa. Meya wa mji mdogo uitwao Colorado City, hukohuko Texas, aliandika mtandaoni wakati watu wakiganda kwamba si kazi ya serikali kuwasaidia, kwamba wanaosubiri msaada ni wavivu, na kwamba wenye nguvu ndio watakaopona. Aliacha cheo. Gavana wa zamani, Rick Perry, alisema watu wa Texas wako tayari kukaa bila umeme hata zaidi ya siku tatu kuliko kuiruhusu serikali kuu ya Marekani iingilie mambo yao. Huyu hakuacha kitu, maana hakuwa na cheo cha kuacha. Maneno ya hawa wawili yanafanana na sifa tunazozimwaga kwa familia zilizovumilia, ila wao wameyasema bila haya. Ukiisifu familia kwa kujitegemea gizani bila kuuliza nani kaizima taa, umesimama karibu na yule meya kuliko unavyodhani.

Na swali la nani lina majibu. Texas ilichagua tangu miaka ya 1930 kutounganisha gridi yake na majimbo mengine, ili sheria ya serikali kuu ya mwaka 1935 isiiguse. Kwa hiyo usiku wa shida haikuwa na jirani wa kutosha wa kumkopa. Februari 2011 baridi iliwahi kuzima mitambo, na wadhibiti wakaandika ripoti ya kurasa mamia wakishauri ifungwe vizuri dhidi ya kuganda. Ushauri haukuwa amri, na vifuniko vya mabomba vina gharama. El Paso, mji wa Texas ulioko kwenye gridi ya magharibi, uliusikiliza, ukatumia fedha kuikinga mitambo yake, na mwaka 2021 watu wake wengi hawakujua hata kama kuna tatizo. Jimbo lile lile, baridi ya wiki ile ile. Sidhani kwamba familia za El Paso zina moyo mgumu kuliko za Dallas.

Juni 2021 hatimaye ikatiwa saini sheria ya kulazimisha mitambo ikingwe. Wakati huo wengine walishapata bili. Wadhibiti wa jimbo waliiacha bei ya jumla ikae kwenye kilele kilichoruhusiwa, dola 9 kwa uniti moja, kwa siku kadhaa, na familia zilizokuwa na mikataba inayofuata bei ya soko, zilizoshukuru Mungu kwamba taa zao zinawaka, zilijikuta zinadaiwa maelfu ya dola.

Kwa nini mtu wa Mbagala au Njiru ajali? Sababu ya kwanza ni jiko. Kila Juni na Julai, baridi ikishuka Njombe, Makete, Nyandarua, habari inarudi ileile: watu wamekutwa wamekufa, jiko la mkaa liko pembeni ya kitanda. Nyumba zetu za nyanda za juu zinazidi kuwa za matofali, dari na madirisha ya vioo vinavyoteleza, yaani zinaanza kufanana na ile ya Dallas. Ile huruma ya uwazi chini ya bati inaondoka, na imani yetu kuhusu mkaa uliokolea imebaki palepale.

Sababu ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Ujuzi wetu wa giza tuliupata wakati umeme ulikuwa mgeni ndani ya nyumba: taa, redio, pasi, baadaye friji. Ukikatika, maisha yenyewe yalikuwa kwingine, jikoni kwenye mkaa na uani kwenye kisima. Sasa tunauhamishia kila kitu. Mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya watu wapikie nishati safi ifikapo 2034, na umeme ni sehemu ya hiyo safari. Nauunga mkono, nimeona mapafu ya mama zangu. Lakini mtu wa ghorofa ya tisa Upanga, anayepikia presha kuka ya umeme, anayepandishiwa maji na pampu na kushushwa na lifti, hana tena maisha ya kwingine ya kukimbilia. Mgao wa mwaka 2006 ulimkuta mama yake na jiko na ndoo. Yeye ukimkuta, utamkuta na nini? Tabia ya kusema tumezoea ni deni la zamani tunaloendelea kukopea, na wenye kusimamia umeme wanalijua hilo vizuri. Watu waliozoea hawapigi simu.

Huko Dallas umeme ulirudi Jumatano usiku. Mpwa wangu anasema watoto wake, waliozaliwa Marekani na wanaojibu Kiswahili kwa Kiingereza, walipiga kelele "Umeme umerudiii!" kama mtaa mzima wa Tabata, sijui walilitoa wapi. Upande wa pili wa ukuta mjukuu wa yule bibi akaitikia. Kwenye jengo lote walisikika hao tu.

Alhamisi mchana nyumba ikapata joto, na barafu iliyokuwa imepasua bomba la darini ikayeyuka. Maji yakaanza kushuka katikati ya sebule. Mumewe alisimama akiyatazama, kisha akaenda chumbani kwa watoto, akarudi na ndoo zote mbili.